Munganga wa mawazo akisafiri, nani anabakia na mugonjwa?

Mu kambi zetu, mutu akivunjika mukono ku kazi, kila mutu anajua njia: dispansere, kisha opitali, kisha karatasi ya aksida yenye delege anafuata mupaka mwisho. Mutu akivunjika mu mawazo, njia haijulikane. Watu wanasema tu: «Ule iko na mawazo mingi.» Muke wake njo anaona ya kweli: bwana halali, anapiga batoto bila sababu, ao anaanza lutuku tangu asubui. Wengine wanamupeleka ku maombi, wengine kwa mufumu. Wachache sana wanafika kwa sikologe.

Juu ya nini wachache? Franga, ndiyo. Haya pia, sababu mwanaume wa mine anaogopa kuitwa kichaa. Lakini kuko neno ingine yenye hatuongee sana. Sikologe mwenyewe ni vigumu kumupata, na kuko wenye wanagawanya mwaka: miezi kiloko hapa Katanga, miezi ingine mu inchi ya mbali. Mugonjwa anafungua moyo, kisha mulango inafungwa.

Ndugu moja wa kazi, shofere wa mashini kubwa, aliona udongo ikiangukia wenzake wawili. Tuliwazika. Kisha matanga, akaanza kusikia ule mulio kila bushiku. Muke wake alimusukuma mupaka akaenda kuona sikologe ku mji. Mara ine alienda, na ku mara ya ine akalia, kintu yenye hakufanya hata ku makaburi. Mara ya tano akakuta karatasi ku mulango: munganga iko inje ya inchi, atarudi kisha miezi tatu. Munganga alirudi kweli, kwa tarehe yenye aliandika. Ndugu yetu hakurudi. Aliniambia hivi: kuanza tena kuelezea vile udongo ilianguka, ni sawa kuchimba mara mbili shimo moja.

Sisemi hivi kwa kulaumu wenye kusafiri. Sisi watu wa mine tunajua kugawanya maisha. Ba papa zetu walivuka kwenda Copperbelt, ku Kitwe na Chingola, na watu wa kule walikuja huku. Leo kuko ba papa wa Likasi wenye wako mu kazi ku Kolwezi, nyumba wanaiona mwisho wa mwezi. Sikologe pia iko na batoto wa kusomesha. Hapa mugonjwa analipa nusu leo, nusu siku mushahara itatoka, na kabine iko na loyer kila mwezi hata kama mulango imefungwa. Akipata kazi ya miezi sita mu universite ya inchi ingine, atakataa juu ya nini? Tena anarudia na akili mupya. Mimi ninaulizia kintu ingine: siku anapanda ndege, mugonjwa wake anabakia na nani?

Kuko mutu moja karibu na sisi, kisha Zambia tu, mwenye alijibu hii ulizo kwa matendo. Anaitwa Dixon Chibanda, munganga wa magonjwa ya akili wa Zimbabwe. Ni mwalimu mu universite ya inchi yake ku Harare, na iko na kazi vilevile ku London, mu shule kubwa ya afya na magonjwa ya inchi za joto. Mutu wa inchi mbili, kama wale tunaongelea.

Kazi yake ya leo ilitoka mu kifo. Mu 2005, mugonjwa wake moja, binti kijana, alijiua. Alipashwa kurudi kumuona munganga, lakini familia ilikosa franga ya bus, dola 15. Munganga alikuwa, opitali ilikuwa, dawa ilikuwa. Yenye ilikosekana ni barabara kati ya mugonjwa na munganga. Chibanda akaona kama kungojea watu ku opitali haitoshe, shurti matunzo iende kwenye watu wanaishi.

Ku 2006 akaanza ku Mbare, kartier ya watu wa chini mu Harare. Hakukuwa franga, hakukuwa chumba ya bure. Wakamupa ba nkambo 14, wamama wazee wenye walikuwa tayari wanasaidia kazi ya afya mu kartier, sawa vile ba relais communautaires wa kwetu. Akawafundisha. Akaweka kiti ya mbao inje, chini ya muti, karibu na santeri ya afya. Wanaiita kiti ya urafiki. Mugonjwa anakaa, nkambo anakaa pembeni, wanaongea.

Nkambo hatumii majina ya ugonjwa yenye iko mu vitabu vya wazungu. Anatumia neno ya kishona, kufungisisa, maana yake kufikiri kupita kiasi. Wasomaji, si ni «mawazo mingi» yetu hiyo? Kwanza anafungua mawazo ya mutu, anasikiliza matatizo yote. Kisha wanachagua tatizo moja tu, wanatafuta pamoja hatua ya kufanya ile juma. Mutu anarudia, wanaangalia kama ilitembea. Inafika mupaka mara sita. Kisha anaingia mu kikundi cha wenye walipita ku kiti, wanashona vibeti pamoja na kuuza. Mutu akisema anataka kujiua, nkambo habakie naye peke yake: anamupeleka kwa mukubwa wa kazi, na kwa munganga kama inaomba.

Na ilisaidia? Mu 2016, gazeti ya waganga ya Marekani yenye inaitwa JAMA ilitoa hesabu. Walifuata watu 573 ku santeri 24 za Harare. Kisha miezi sita, kwa wenye walipata matunzo ya kawaida, karibu 50 ku 100 walikuwa bado na alama za huzuni ya ugonjwa. Kwa wenye walikaa ku kiti na nkambo, karibu 14 ku 100. Leo hii kazi imefika Malawi na Zanzibar, na hata New York waliiga ile kiti.

Chibanda anaweza kuwa London, nkambo iko Mbare. Mugonjwa haanze upya.

Najua jibu ya wengine: «Telefone iko.» Iko, ndiyo, na inasaidia. London wanachelewa juu yetu saa mbili tu wakati wa baridi yao, saa moja wakati wa joto. Ku Bruxelles wakati wa joto saa ni moja na yetu. Lakini jaribu kuongea siri ya moyo mu nyumba ya kambi, vyumba viwili, batoto sita, jirani nyuma ya ukuta. Ongeza posta ya bushiku, unite yenye inaisha katikati ya machozi, na rezo ya huku kwetu Koni, yenye inakuja na kwenda. Kuchekesha ni kwamba tangu 1950 santrale ya Koni inatuma moto wa Lufira ku mine, lakini kutuma sauti ya mutu moja ni mateso.

Mawazo mingi ya kwetu haikuanza jana. Kisha miezi mingi bila mushahara, mu 2003 na 2004 Gécamines ilitoa wafanyakazi 10 655 kwa ile operesheni yenye waliita «départs volontaires». Waliwahesabia franga. Hatukusikia mutu akiuliza nani atakaa na papa wa miaka 50 mwenye anaamuka saa kumi na moja asubui, anavaa buti, na hana fasi ya kwenda. Ku Lubumbashi kuko santeri ya Docteur Joseph Guislain, ya Ba Frères de la Charité, kwa wenye ugonjwa wa akili. Lakini kutoka Likasi ni kilometre karibu 120, na tunarudi tena mu ile hadisi ya bus.

Kodi ya kazi ya 16 Oktoba 2002 inasema mwajiri shurti atunze mufanyakazi mwenye anagonjwa. Haisemi kichwa iko inje ya mwili. Kama kompani inaleta sikologe mwenye anagawanya mwaka, sisi ba delege tusikatae, lakini kabla ya kutia sinyatire tumuulize tarehe zake za kwenda na kurudi, zibandikwe ku dispansere tangu Januari. Asianze kufungua kidonda kikubwa cha mutu juma mbili mbele ya safari. Amuoneshe mugonjwa, uso kwa uso, mutu mwenye atabakia. Na daftari ya siri isikae mu biro ya shefu wa wafanyakazi, hata siku moja! Mufanyakazi akijua kama machozi yake inasomwa pale wanapoandika majina ya kufukuzwa, hakuna mwenye atakaa ku kiti.

Kiti yenyewe ni mbao na misumari, fundi tuko naye. Franga inaombwa kwa kufundisha ba nkambo, na kwa kuwapa kintu kila mwezi, sababu nao wanakula. Na wafanyakazi wa ba sous-traitants, wenye hawana hata dispansere, waingie mu hesabu tangu mwanzo. Ku mukutano ya kwanza kompani itasema hii haiko mu budjeti ya mwaka huu. Tutawaomba watuoneshe budjeti ya masanduku ya maiti.