Kompyuta yasaidia kujua shamba lipi lianze kuchimbwa makinga maji

MVUA kubwa zinaponyesha Lindi kati ya Desemba na Aprili, wakazi wa Rasbura huyaona maji ya rangi ya kahawia yakiteremka kuelekea baharini. Rangi hiyo ni udongo wa juu, ule ule uliokuwa ukilisha muhogo, mahindi na ufuta.

Mvua ya milimita 50 katika ekari moja ni zaidi ya lita 200,000, yaani madumu 10,000 ya lita 20. Maji hayo yasipozama ardhini hutiririka, na yakikwangua unene wa milimita moja tu ya udongo, ekari hiyo imepoteza karibu tani tano.

Dawa yake wakulima wengi wanaijua: makinga maji, matandazo, kulima kwa kukingama mteremko na kupanda majani ya tembo. Tatizo ni nguvu kazi. Hakuna kijiji kinachoweza kuchimba kila mahali kwa msimu mmoja, hivyo swali ni waanze shamba la nani.

Swali hilo ndilo linalojibiwa na programu ya kompyuta iitwayo SWAT, iliyotengenezwa na watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani huko Temple, Texas, mwanzoni mwa miaka ya 1990, na ambayo hutolewa bure. Programu hiyo huingiziwa taarifa za mwinuko wa ardhi, aina ya udongo, mazao yaliyopo, mvua na joto. Hulikata bonde zima katika vipande vidogo, kisha hukadiria kila kipande kinapeleka mtoni maji, tope na mbolea kiasi gani. Mtaalamu anaweza kuweka matuta kwenye kipande kimoja na miti kwenye kingine, akaona mto utabadilikaje kabla hata jembe halijashikwa.

Mara nyingi hubainika kwamba tope jingi linatoka katika sehemu ndogo tu ya bonde: mteremko mkali usio na majani, ukingo wa mto uliolimwa, au barabara ya udongo isiyo na mtaro. Hiyo ya barabara husahaulika sana, na lawama zote hubebeshwa mkulima.

Nchini Kenya, hesabu za aina hiyo zilifanywa kwa mabonde ya Thika-Chania, Maragua na Sagana-Gura, katika eneo la Mto Tana ambako Nairobi hupata takriban asilimia 95 ya maji yake. Zilionyesha kuwa dola milioni 10 za Marekani zikitumika kuhifadhi mashamba, faida katika miaka 30 ingefikia dola milioni 21.5. Mwaka 2015 ulizinduliwa mfuko wa maji ambao wanaotumia maji mjini huchangia kazi ya wakulima wa juu.

Tanzania nayo ilishajaribu njia ya malipo. Kuanzia mwaka 2006, mashirika ya CARE na WWF yaliendesha mpango kwenye milima ya Uluguru, ambako wakulima wa Kibungo walilipwa kwa kuchimba matuta na kupanda miti ili Mto Ruvu, unaolisha Dar es Salaam, upungukiwe na tope.

Kwa Lindi, mto wa kuangaliwa ni Lukuledi, unaopita kati ya nyanda za juu za Makonde na Rondo na kumwaga maji katika Ghuba ya Lindi. Mkulima wa juu akipoteza udongo, tope humfikia mvuvi na mfanyabiashara wa samaki pwani. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni, lakini mita hizo ndizo zenye unyevu wa bustani za mboga wakati wa kiangazi, na mwenye bustani hawezi kuziachia hivi hivi bila kujua atakula nini.

Hata hivyo, kompyuta haioni shamba. Huona namba ilizopewa. Bila vipimo vya mvua na vya kina cha mto vya miaka kadhaa, makisio yake huenda kombo. Vipimo hivyo huwa chini ya Bodi ya Maji Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini, yenye makao yake Mtwara, na huko ndiko kikundi cha wakulima kinapoweza kuanzia kuuliza.