Ufini Ingia Machi

Mbogi ya Kanairo ikibonga kuhusu Ufini, karibu kila msee anataja Disemba: mji wa Rovaniemi, theluji, Krismasi. Mimi nakataa. Kama ni doo umetafuta kwa jasho, ishia Machi.

Cheki hii maneno. Huku kwetu karibu na ikweta jua linachomoka na kuzama masaa yale yale mwaka mzima. Utsjoki, kule juu kabisa kaskazini mwa Ufini, likizama mwisho wa Novemba halichomoki tena hadi katikati ya Januari. Mchana unapata mwanga wa bluu masaa machache tu, kisha giza. Inapendeza, sikatai, lakini umetoka mbali manze, na misitu unaiona nusu nusu. Na hapo Disemba ndio bei ya keja za wageni hupanda vibaya.

Machi theluji ya Lapland, huko kaskazini, bado imejaa, na karibu tarehe 20 mchana unalingana na usiku. Unateleza na ski juani, usiku unatoka kusaka zile taa za kijani angani. Zinapenda kuchachamaa Machi na Septemba, bora anga iwe safi na uhepe mataa ya tao.

Baridi nayo usiichukulie poa. Kittilä, huko huko Lapland, ilishawahi kugonga -51.5, Januari 1999. Machi haifiki huko, lakini usiku -20 ni kawaida. Tishati ya pamba acha keja, ju pamba hunyonya jasho na ikilowa inakugandisha. Anza na fulana ya sufu imekushika ngozi, sweta juu yake, mwisho jaketi ya kuzuia upepo. Ndula chukua zenye nafasi, vidole vicheze ndani. Zikibana, damu haipiti fiti. Simu weka mfuko wa ndani, karibu na mwili, ju kwa baridi betri huzima chap.

Kama theluji si form yako, Septemba mwanzo misitu ya Lapland huwaka nyekundu na dhahabu, na mbu wamehepa. Julai jua halizami huko juu, lakini hao mbu ni noma. Na kama ni mji mkuu, Helsinki, unataka, enda Juni hadi Agosti.

Visa ya Schengen unaruhusiwa kuomba hadi miezi 6 kabla ya safari. Kama ni Machi unadai, anza kusukuma makaratasi Oktoba.