Chachu Iliyovuka Marekani kwa Gari la Ng'ombe



Wengi wetu twajua kuchachusha uji. Unaacha kidogo wa jana kwenye kibuyu, unaongeza unga na maji, na kesho yake umechacha. Mkate pia hufanywa hivyo, bila hamira ya duka. Leo tunaeleza habari za chachu moja ya Marekani iliyopita katika mikono mingi.

Ilitoka wapi?

Katika miaka ya 1840 jamaa nyingi zilihama kutoka jimbo la Missouri kwenda Oregon kutafuta mashamba, katika nchi iliyokuwa ya wenyeji wa asili. Safari ilikuwa ya kilomita 3,200 hivi, kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe, tena ya miezi minne hadi sita. Hamira ya kiwandani, ile ya vipande, ilianza kutengenezwa huko mwaka 1868 tu. Kwa hiyo aliyetaka mkate ulioumuka alibeba chachu yake mwenyewe na kuilisha unga njiani. Ikifa, basi.

Mzee Carl Griffith alisimulia kwamba chachu ya jamaa yake ilisafiri hivyo mwaka 1847. Yeye aliipata akiwa na umri wa miaka 10 hivi, jamaa yake ilipokuwa ikifungua shamba kwenye milima ya Steens, huko Oregon. Alijifunza kuoka katika kambi ya wachunga kondoo. Jiko la kuoka hawakuwa nalo. Walichimba shimo, wakawasha moto ndani, wakatia sufuria nzito yenye kifuniko, wakaizungushia makaa na kufunika kwa udongo kwa saa kadhaa.

Inafanyaje kazi?

Ndani ya unga mna vijidudu wadogo wasioonekana kwa macho. Wengine hutoa hewa, nayo ndiyo inayoumua mkate. Wengine hutoa ukali, nao huzuia vijidudu wabaya. Wote wanataka chakula. Usipowalisha, watadhoofika na kufa.

Kuanzisha chachu

1. Changanya nusu kikombe cha unga wa ngano na maji safi kiasi hicho hicho katika chombo safi cha kioo au udongo. Funika kwa kitambaa.
2. Kila siku toa nusu, kisha ongeza unga na maji.
3. Baada ya wiki moja au mbili itatoa mapovu na harufu ya uchachu kila unapoilisha. Hapo iko tayari.
4. Ukitumia, bakiza kidogo na uilishe.
5. Ikiota ukungu au ikigeuka rangi ya waridi au ya machungwa, mwaga yote, osha chombo, anza upya.

Ukitaka kuiweka muda mrefu, ipake nyembamba juu ya karatasi safi, ikauke kabisa kivulini, kisha uivunjevunje. Maji ya uvuguvugu na unga vitaiamsha.

Kwa nini haikupotea?

Hivi ndivyo mzee Griffith alivyofanya. Aliikausha na kuigawa bure kwa yeyote aliyemtumia bahasha yenye stempu. Alifariki mwaka 2000, na rafiki zake wakaendelea kuituma. Angeificha katika chupa moja jikoni kwake, siku chupa ile ingevunjika habari ingekwisha. Lakini kwa kuwa ilikuwa imeenea katika nyumba nyingi, aliyepoteza yake aliweza kuomba kwa mwingine.

Katika vikundi vyetu pia ziko mbegu za asili, dawa za miti, na kazi za mikono ambazo mtu mmoja tu ndiye anayezijua. Tunamheshimu sana, lakini hatumwombi atufundishe. Akiondoka, anaondoka nazo.

Maswali ya kujadiliana

1. Ni kitu gani katika kikundi chetu kiko mikononi mwa mtu mmoja tu?
2. Kwa nini hajakigawa? Je, anaogopa hasara, au hatujamwomba?
3. Kabla ya mkutano ujao, ni nani wawili watakaokwenda kujifunza kwake?