Wadudu Wala Magugu na Usingizi wao wa Baridi

Kila mwaka, masika yakipita, mashamba yetu ya mikarafuu huwa yamejaa majani, nasi hutafuta wapalilizi kabla ya uchumaji. Ndipo husikika swali hili: kwa nini wasiletwe wadudu wakayala magugu, tukaokoa fedha ya palizi? Swali ni jema. Kabla ya kulijibu, yafaa tujue mambo yaliyowapata wenzetu wa Marekani.

Huko uko mti uitwao tamariski, ulioletwa kutoka Asia katika karne ya 19 uwe wa kivuli na wa kuzuia mmomonyoko wa ardhi. Ukaenea kandokando ya mito ya nchi kavu za magharibi na kuisonga miti ya asili. Wataalamu wakaenda China na Kazakhstan, wakapata mbawakavu mdogo alaye majani ya mti huo. Mwaka 2001 walimwachia huru katika majimbo kadhaa.

Kwao mdudu huyu majira ya baridi si kama kipupwe chetu. Maji huganda na majani yote hupukutika. Basi yeye huacha kutaga mayai, hula mpaka akaweka mafuta mwilini, kisha hushuka chini ya mti akajificha ndani ya majani makavu. Hulala humo miezi mingi, akiishi kwa akiba yake, hata miti ichipue tena.

Ajabu ni hii: hangoji baridi ndipo alale, maana baridi ikimkuta hajajiandaa hufa. Hupima urefu wa mchana. Wale wa kwanza, mchana ulipopungua chini ya saa 14 na nusu hivi, walijua kwamba wakati umekaribia.

Katika Nevada, upande wa kaskazini, kipimo hicho kilifaa, na miti mingi ikabaki mitupu. Lakini Texas iko kusini, na huko mchana ni mfupi zaidi hata mwezi wa Juni. Mbawakavu wakadanganyika. Mwanzoni mwa Julai, katikati ya joto na majani tele, waliacha kuzaa wakaenda kulala. Akiba ikawaishia kabla miti haijachipua, wakafa. Ikabidi watafutwe jamaa zao kutoka kisiwa cha Krete, Ugiriki, wenye kipimo kingine.

Huko kwingine, wale wa kaskazini waliochelewa kidogo kulala ndio waliopona, wakazaa watoto wa tabia hiyo. Kwa muda wa miaka kumi hivi walikuwa wakiteremka kusini wenyewe. Wakafika penye ndege mdogo wa nadra, ambaye amezoea kujenga kiota katika tamariski hizo hizo. Mwaka 2010 idara ya kilimo ya nchi hiyo ikasimamisha kazi ya kuwasambaza. Lakini mdudu akiisha kuachiwa, haitiki mwito wa kurudi.

Sasa turudi kwetu. Unguja na Pemba zi karibu na mstari wa ikweta, na tofauti ya mchana mrefu na mchana mfupi haifiki saa moja. Mdudu wa kipimo kile, kila siku yetu kwake ingekuwa siku ya kwenda kulala. Maji moto wetu, wanaolinda minazi, hawana haja ya usingizi huo. Ni wenyeji wa hapa.

Liko na jambo kubwa zaidi. Mkarafuu, mpera na mzambarau ni wa ukoo mmoja. Mtu akileta mdudu wa kula mapera ya mwituni bila ya kumjaribu kwa makini, nani atamzuia asipande mkarafuu?

Kwa hiyo twawasihi wanachama: mtu asilete wala asipokee mdudu kwa siri, hata akisifiwa vipi. Aulizwe kwanza Bwana Shamba. Kwa sasa tulishike jembe. Hilo twajua lalala lini, na twajua lilipo.