LeBron au Curry? Tumeketi chini tukapiga hesabu

Kuna swali moja lisiloisha kwenye base yetu hapa Umoja: kati ya LeBron James na Stephen Curry, nani alimweza mwenzake wakikutana? Binamu yangu ni wa Curry kufa kupona. Mimi ni wa LeBron tangu shule ya msingi. Tumebishana hadi mama mboga akatufukuza kwenye kivuli chake. Juzi nikasema wacha tuache kelele, tutoe hesabu.

Kwanza, hawa wasee wote wawili walizaliwa mji mmoja, Akron, jimbo la Ohio. LeBron Desemba 1984, Curry Machi 1988. Kufanana kunaishia hapo. LeBron ni mita 2.06 na mwili kama trela. Curry ni mita 1.88, mtu unaweza kupishana naye Tom Mboya Street na usigeuke. Mmoja anaingia kwa nguvu hadi chini ya kikapu, mwingine anakumaliza akiwa mbali.

Sasa fainali. Walikutana miaka minne mfululizo, LeBron akiwa Cleveland Cavaliers, Curry akiwa Golden State Warriors.

Mwaka wa 2015, Warriors walishinda mechi 4 kwa 2. LeBron alikuwa na wastani wa pointi 35.8 kwa mechi, Curry 26. Kevin Love alikuwa ameumia, Kyrie Irving naye akavunjika goti mechi ya kwanza. LeBron alibeba timu mgongoni, na bado akapoteza.

2016 ndiyo ile yenyewe. Warriors walikuwa wameshinda mechi 73 za msimu na kupoteza 9 tu, na Curry alichaguliwa MVP kwa kura zote, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea NBA. Wakaongoza fainali 3-1. Halafu LeBron akafunga pointi 41 mechi ya tano, 41 tena mechi ya sita. Ya saba ilianza saa tisa usiku saa zetu. Binamu alikesha na simu, bando ikamwishia matokeo yakiwa 89-89. Asubuhi ndani ya matatu ndipo alipoambiwa: Cavaliers 93, Warriors 89. LeBron pointi 27, ribaundi 11, asisti 11. Curry pointi 17, mitupo 6 kati ya 19. Hadi leo ukimtajia hiyo mechi anabadilisha stori.

Lakini haki iwe haki. 2017 Warriors, wakiwa wameshamwongeza Kevin Durant, walishinda 4-1. 2018 wakafagia 4-0, hata ingawa LeBron alifunga pointi 51 mechi ya kwanza. Manze, pointi 51 na unarudi nyumbani umepigwa!

Jumla ya fainali: Curry mataji matatu, LeBron moja. Mechi 22, Warriors 15, Cavaliers 7. Ila kwa wastani wa pointi, LeBron alikuwa juu ya Curry fainali zote nne. Baadaye, 2023, LeBron akiwa Lakers aliwatoa Warriors kwenye mchujo 4-2, na safari hiyo Curry ndiye aliyefunga zaidi. Unaona vile hii maneno inachanganya?

Maoni yangu: kama unauliza nani alicheza vizuri zaidi fainali, ni LeBron. Kama unauliza timu ya nani ilimfunga mwenzake mara nyingi, ni Curry, na asifichwe nyuma ya Durant, kwa sababu taji la 2015 alilipata Durant akiwa bado Oklahoma City. Sisi tunabishana kama hawa ni mabondia wawili ulingoni, kumbe huu ni mchezo wa watu watano.

Na hao wenyewe hawana beef. Olimpiki ya Paris 2024 walivaa jezi moja. Fainali dhidi ya Ufaransa, Curry alitupia pointi tatu mara nane, LeBron akatajwa MVP wa mashindano. Wote dhahabu.

Nilidhani nimemaliza mjadala. Binamu akanyamaza kidogo, kisha akasema: "LeBron alitoka shule ya upili moja kwa moja hadi NBA. Curry aliacha chuo akaenda kucheza, lakini 2022, akiwa tajiri hivyo, alimalizia masomo akapata digrii yake ya Davidson. Na wewe bro, ile yako?"

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokwama, na sina urefu wa LeBron wa kujitetea. Kwa hesabu zote tulizopiga siku hiyo, hiyo ndiyo pointi moja sikuwa na jibu. Jioni nilitafuta barua yangu ya kujiunga na chuo. Bado iko chini ya godoro.