Jina la biashara lisitufumbe macho

Hivi majuzi nilikuwa Tseikuru, kaskazini mwa Kaunti ya Kitui, nikamkuta mwalimu akiandaa orodha ya tarakilishi ambazo shule yake ilikusudia kununua kwa mchango wa wazazi. Palipohitajika maelezo ya prosesa, yaani kile kipande kidogo kinachopiga hesabu zote za mashine, alikuwa ameandika neno moja tu: Intel. Nilipomuuliza sababu, alishangaa. "Kwani, Daktari, kuna nyingine?"

Mwanaisimu hawezi kulipuuza swali hilo. Madukani mwetu mteja huomba Omo akapewa sabuni yoyote ya unga, na huomba Colgate hata anapopokea dawa ya meno ya kampuni nyingine. Jina la mali ya mtu mmoja limegeuka kuwa nomino ya kawaida. Lugha haina hatia hapo, lakini mfuko huumia pindi mnunuzi anaposahau kwamba yuko muuzaji wa pili.

Kumbe hata historia ya prosesa ni historia ya kugombania majina. IBM ilipoteua prosesa ya Intel kwa tarakilishi yake ya mwaka 1981, ilitaka pawepo mtengenezaji wa pili, na mwaka 1982 AMD ikapata kibali. Baadaye kampuni hizo mbili zilifikishana mahakamani. Mwaka 1991 AMD ilitoa prosesa yake, Am386, na bei za aina hiyo zikaporomoka. Intel ilikuwa imedai kwamba 386 ni jina lake. Mahakama ya Marekani ikaamua kuwa tarakimu hizo ni za kila mtu. Ndiyo sababu prosesa iliyoifuata 486, mwaka 1993, haikuitwa 586. Iliitwa Pentium, neno lililotokana na 'tano' ya Kigiriki. Namba haina mwenyewe, bali jina linaye.

Mkulima wa ndengu anaielewa kanuni hii kuliko profesa. Likija lori moja sokoni, dalali ndiye msemaji wa bei. Yakija mawili, mkulima naye hupata kauli. Bei ya prosesa haikushushwa na huruma ya kampuni yoyote. Ilishushwa na hofu ya kupokonywa wateja.

Yamkini msomaji atasema kwamba jina kubwa ni dhamana ya ubora. Huenda, lakini ubora hupimwa. Mwaka 2004 Tume ya Ulaya ilizitaka Italia na Ujerumani zijieleze kwa kuwa baadhi ya zabuni za umma huko ziliitaja Intel waziwazi. Ikiwa mataifa tajiri hayakuruhusiwa kufunga mlango hivyo, sembuse shule inayotegemea mbuzi aliyeuzwa na mzazi?

Nilimshauri mwalimu aandike kazi itakayofanywa, kasi inayotakiwa, ukubwa wa kumbukumbu, kiasi cha umeme na muda wa dhamana, kisha awaachie wauzaji washindane. Alifuta lile neno, akaanza upya.

Walimu wenzangu, tuwafunze wanafunzi kuuliza kitu kinafanya nini kabla ya kuuliza kinaitwaje. Hilo ni somo la lugha, na ni somo la uchumi pia.