Kofia ya chui na feza ya mukuba

Kila mara uchaguzi unapokaribia, tunaona wakubwa wanashuka mu sité. Wanacheza na siye, wanakula bukari, wanavaa kofia ya mine kwa ajili ya foto. Tunapiga makofi. Si mubaya. Lakini wazee wetu waliona mchezo huo mbele yetu, tena mukubwa zaidi.

Mobutu alijua kujionyesha: kofia ya ngozi ya chui, fimbo mukononi, abakosti bila kravati. Mbele ya habari za televizyo, sura yake ilitokea mu mawingu. Mwaka wa 1972 majina ya kikristu yalikatazwa, kila mutu akaitwa "citoyen". Katanga yetu ikaitwa Shaba. Ku kazi watu waliimba na kucheza juu ya kumusifu.

Yote ilikuwa bongo? Hapana. Mwanzo wa 1967 aliondoa mine za Union Minière mu mikono ya Wabeleji. Mufanyakazi aliyezoea kutukanwa na muzungu alijisikia mutu. Ndiyo sababu mchezo ulishika: uligusa kidonda cha kweli.

Lakini nani alilipa? Mukuba. Tarehe 30 Oktoba 1974, Ali na Foreman walipigana ngumi Kinshasa. Kila mumoja aliahidiwa dola milioni 5. Mwaka ule ule bei ya mukuba ilipanda, kisha ikaanguka kupita nusu. Feza ikapunguka, ngoma haikupunguka.

Mu miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa ingali inatoa zaidi ya tani 400 000 kwa mwaka, lakini mashini zilizeeka bila kubadilishwa. Tarehe 24 Aprili 1990, kule N'Sele, Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja, machozi yakamutoka mbele ya watu. Miezi mitano nyuma yake, mine ya Kamoto, Kolwezi, ikabomoka. Mu 1993 Gécamines haikufikisha hata tani 60 000. Yeye alibaki mu kiti mpaka Mei 1997.

Basi baba, mama, mukubwa akija na ngoma, tucheze. Ngoma ikinyamaza, tumuulize mambo matatu: feza ya mukuba inaenda wapi? Nani anachunga usalama wa shimo? Mushahara utaingia siku gani? Kama anajibu kwa wimbo tu, tumekwisha kumujua.